Mjumbe Asiyetumwa

Kwa heshima, taadhima na mikono nyuma, mimi Lutengano Ndimyake wa kidato cha tatu, Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina na mwanachama pekee wa Chama cha Viungo Imara, nautangazia umma wa Rukwa kwamba kuanzia leo mwili wangu ni mali ya taifa. Nitaukimbiza kila alfajiri, mvua inyeshe, baridi iume, kande ziive au zisiive.

Tangazo hilo nililibandika ubaoni nje ya bwalo. Kabla hatujamaliza uji, mtu alikuwa ameandika chini yake kwa mkaa: "Taifa limekataa."

Kama gazeti la wiki jana ulilifungia dagaa wa Kirando kabla ya kulisoma, nakukumbusha. Baba yangu, bwana shamba aliyetoka Tukuyu kuja Ufipa kufundisha watu mbolea, alianguka ofisini kwake akapooza upande mmoja. Daktari alimtazama baba, akanitazama mimi, akasema presha hurithiwa kama pua na masikio. "Kijana, fanya mazoezi kila siku, wala usiache." Nikaanzisha chama. Nikavunja kitanda cha bweni kwa kuning'inia. Nikapewa adhabu ya kulala chini. Hayo uliyasoma.

Lakini lipo jambo sikuliandika, kwa sababu ni aibu kwa mtu mwenye vyeo vinne.

Sikukimbia kwa kuogopa kurithi presha. Nilikimbia kwa sababu asubuhi ya kwanza niliyokimbia ndiyo asubuhi aliyofumbua jicho baba. Kichwani mwangu mambo hayo mawili yakafungana fundo. Nikiacha siku moja, jicho litafumba tena. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, na nikajiamini, kosa ambalo walimu wangu hawajawahi kulifanya.

Basi nikawa nakimbia. Huo ndio mwaka wa vita vya Kagera. Sukari hakuna, sabuni hakuna, na maduka ya Majengo, mtaa wetu wa mjini Sumbawanga, yalikuwa yanauza rafu tupu. Raba zangu nilizifunga kwa katani.

Baridi ya Ufipa niliiweza. Njaa niliizoea. Kilichonishinda ni salamu.

Njia yangu ilitoka shuleni, ikapita kijiji cha ujamaa cha Tuinuane, ikafika darajani, ikarudi. Zamani kaya za watu wa huko zilikuwa zimetawanyika, huku moja na kule moja. Operesheni ya vijiji ilipokuja ikazipanga zote kando ya barabara, mlango baada ya mlango, kama wanafunzi kwenye foleni ya uji. Na alfajiri kila mlango una mzee anayeota moto.

Mzee wa Kifipa hasalimiwi kwa kupungiwa mkono. Unasimama. Unachuchumaa. Unapiga makofi taratibu. Unaulizwa umeamkaje, na baba ameamkaje, na shule imeamkaje, na mahindi ya shule yameamkaje.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unakimbia nini?"

"Mazoezi, mzee."

"Umeiba?"

"Hapana, mzee. Nakimbia tu."

"Aliyeibiwa yuko wapi?"

Nikisimama kwa huyo, jirani yake ameshakohoa ili nijue naye yupo. Sikuwa nakimbia. Nilikuwa nachuchumaa kutoka shuleni hadi darajani.

Ikawa kila siku nafika gwaride limekwisha. Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Zenon, ni mtu mzito ambaye hata gwaride hulikagua kwa macho, miguu ikiwa imepumzika. Alinisimamisha mbele ya shule nzima.

"Mwenyekiti, chama chako kina wanachama wangapi?"

"Mmoja, mwalimu."

"Na wote wamechelewa. Ukichelewa tena, chama kimefutwa. Hutatoka tena nje ya uzio kabla ya jua."

Watu wakacheka. Mimi nikaona jicho la baba linafumba.

Mchana tulikuwa shambani. Kulima Kifipa ni kufukia majani chini ya matuta ya duara ili yaoze yawe mbolea. Baba yangu alitoka Tukuyu kuja kuwafundisha jambo walilolijua kabla babu yake hajazaliwa, lakini hilo ni suala la serikali. Jirani yangu tutani alikuwa Kasimiri.

Kasimiri ni rafiki yangu tangu kidato cha kwanza. Kwao ni Tuinuane, nyumba ya mwisho kabla ya daraja. Mama yake, Mama Fransiska, alinilisha ugali wa ulezi kila likizo fupi, akisema Mnyakyusa asiyekula ndizi huenda akafa mikononi mwake, naye akaulizwa. Kaka yake, Modesti, alikuwa vitani.

Nikamlilia Kasimiri shida yangu ya salamu. Akaegemea jembe, akacheka mpaka akakohoa.

"Ungekuwa umebeba tanzia, hakuna ambaye angekusimamisha."

"Tanzia gani?"

"Kwetu mtu akifa mbali, anatumwa mjumbe. Anajifunga kamba ya gome la mti kwenye paji la uso, anakuja mbio. Hasalimu, hasalimiwi. Watu wanageuza nyuso zao ukutani, maana mjumbe hatazamwi. Anawapita wote. Anasimama mlango mmoja tu."

"Mlango upi?"

"Wa wafiwa, Mnyakyusa! Unadhani atasimama dukani? Anapewa maji kwanza. Akishakunywa ndipo anasema."

Nikajigusa paji la uso. Kasimiri ananijua. Akaacha kucheka.

"Lute. Ile kamba haivaliwi kwa mchezo."

"Nani ametaja mchezo?" nikamjibu, kwa sauti ya mtu anayeapishwa.

Kesho yake, kabla ya jua, nilibandua gome bichi kwenye mti ulio nyuma ya bweni, nikajifunga pajini. Lilitoa utomvu mwekundu kidogo. Sikuujali.

Ndugu msomaji, lilifanya kazi kama kibali cha mkuu wa mkoa. Nilipoingia Tuinuane, mzee wa kwanza aliniona, akasimama, akageukia ukuta. Wa pili vivyo hivyo. Mlango baada ya mlango migongo ilinigeukia, na mimi katikati ya barabara nikikimbia kama mfalme ambaye watu wake hawataki kumwona. Nilifika darajani. Nilirudi. Kengele ya shule, ambayo ni ringi la lori lililoning'inizwa mtini, ilipogongwa, mimi nilikuwa mstarini, kamba mfukoni, nimetoka jasho, nimejaa fahari.

"Mwenyekiti amewahi," alisema Mwalimu Mkuu. "Tutazame kama dunia itafika jioni."

Ilifika. Na kesho yake nikajifunga tena, na kesho kutwa.

Jumapili Kasimiri alipewa ruhusa ya kwenda kwao. Alirudi jioni akaketi kitandani pangu, yaani sakafuni, kwa sababu ya ile adhabu.

"Huko ng'ambo ya daraja, Milepa, kuna nini?" akaniuliza.

"Kuna nini?"

"Wajumbe wa msiba wanapita kijijini kila alfajiri. Watu wanasema Milepa wanakwisha. Baba mdogo alikuwa apeleke ulezi kuuza huko, ameacha. Anasema ni ugonjwa."

Nilijifunika blanketi mpaka puani. Nilikuwa nacheka. Naandika hivi kwa sababu nimeahidi kuandika kweli: nilikuwa nacheka.

"Na mama halali," Kasimiri akaendelea. "Akisikia miguu anakwenda kusimama nyuma ya mlango mpaka ipite. Ikishapita ndiyo anapumua."

"Kwa nini?"

"Kwa nini? Una akili wewe? Kaka yangu yuko vitani. Tangu aondoke tumepata salamu zake mara moja tu, kwa mdomo wa dereva."

Kicheko kikakatika. Hapo, ndugu msomaji, ndipo palikuwa pa kuacha. Hata kichaa angeacha. Nilikaa macho, nikajihukumu, nikajitia hatiani, nikajipa adhabu ya kutoivaa kamba ile tena.

Jumatatu nikapewa ruhusa kwenda hospitali. Baba alikuwa ameketi, ameegemezwa mito. Alinyanyua vidole vya mkono uliokufa, viwili, kama mtoto anayeomba kujibu swali. Akaniuliza kwa mdomo ulioelemea upande:

"Unakimbia bado?"

"Kila siku, baba."

"Usiache."

Ile hukumu niliyojipa nikaikatia rufaa, nikashinda. Nilijiambia, miguu inayopita haijawahi kuua mtu. Na ni kweli. Inayopita.

Asubuhi ya Alhamisi kulikuwa na ukungu. Nilipita Tuinuane yote, mgongo baada ya mgongo. Nilikuwa nafika nyumba ya mwisho niliposikia katani imekatika, na raba ya kulia ikabaki nyuma yangu barabarani.

Raba ni moja, na duniani hakukuwa na nyingine. Nikarudi, nikaiokota, nikainama kuivaa na kufunga fundo.

Nilikuwa nimesimama. Sikujua kwamba nimesimama. Nilikuwa najua fundo tu.

Nilipoinua kichwa, mlango ulikuwa wazi. Mama Fransiska alikuwa kizingitini, kibuyu cha maji mkononi. Hakugeukia ukuta. Mlango wake ulikuwa ndio mlango.

Alinyoosha kibuyu. Maji yalikuwa yanamwagika.

"Ni Modesti?" akauliza.

Ukungu ulikuwa kati yetu, na hakuinua macho kunitazama usoni. Nikasema kitu? Sikusema. Ningesema, angeijua sauti yangu. Ningesema, angejua kuwa yule mtoto aliyemlisha ugali wa ulezi ndiye aliyekuwa akimsimamisha nyuma ya mlango kila alfajiri. Kwa hiyo nikafanya jambo ambalo nilidhani ni dogo kuliko kusema. Nikakimbia kurudi njia ya shule.

Nyuma yangu kikasikika kibuyu kinaanguka. Kisha sauti. Siwezi kuiandika sauti ile kwa herufi ninazozijua.

Kengele ya shule ikaanza kulia kwa mbali. Niliwahi gwaride.

Saa ya somo la historia, mlango wa darasa ulifunguliwa.

"Kasimiri, ofisini."

Alitoka akinikonyeza, maana wiki hiyo tulikuwa tumemwekea mwalimu wa zamu chura mezani na akadhani tumegunduliwa. Aliporudi mikono ilikuwa kichwani.

"Modesti amekufa," akasema, kwa darasa zima, kama mtu anayejibu swali la mwalimu. Kisha akaanza kukusanya madaftari yake.

Nilimbebea sanduku mpaka langoni. Kulikuwa na baridi, hana sweta; nikavua langu nikamvika. Akanishika bega.

"Lute, sasa kaka yangu ni wewe."

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Ukasema, "Pole, ndugu yangu."

Nilibaki na tumaini moja: serikali. Baba mdogo wa Kasimiri alikwenda mjini kuulizia wilayani. Aliambiwa hakuna habari yoyote ya Modesti, nzuri wala mbaya. Vita ni vita, wasubiri. Nikashangilia moyoni. Lakini mpishi wetu, ambaye kwao ni Tuinuane, alituambia wazee walivyoamua: serikali hupata habari baada ya wenye nyumba. Mjumbe alisimama mlangoni. Nani atabishana na mjumbe?

Wakaweka matanga.

Mimi nikaenda mtoni kunawa paji. Ule utomvu mwekundu, ambao mwanzoni haukuonekana, ulikuwa umekauka ukafanya mstari wa kahawia, sikio hadi sikio, kama mtu aliyepigiwa mstari kama jibu lililokosewa. Nilisugua kwa mchanga. Nilisugua kwa majivu, nikasugua kwa majani nisiyoyajua. Kipande cha sabuni kingeniokoa, na Sumbawanga nzima ilikuwa haina sabuni. Nikavaa kofia yangu ya sufu mpaka kwenye nyusi. Kwa baridi ile, hakuna aliyeuliza.

Asubuhi hizo zote sikukimbia. Na jicho la baba, nilipouliza, halikuwa limefumba. Vidole vilikuwa vitatu sasa. Nikaona jinsi nilivyokuwa mjinga, lakini elimu hiyo ilikuja baada ya mtihani.

Siku ya tatu ya matanga Mwalimu Mkuu aliniita.

"Mwenyekiti. Wewe ndiye mwenye mdomo shuleni hapa, na ni rafiki wa mfiwa. Utatoa rambirambi kwa niaba ya shule."

"Mwalimu, nina kichwa."

"Ndiyo maana nimekuchagua. Wengine hawana."

Tukaenda, wanafunzi sita na Mwalimu Mkuu, alasiri, kwa mwendo wake, ambao si mwendo. Njiani wazee wa Tuinuane walikuwa milangoni. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuvaa kamba, nilichuchumaa kila mlango. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Walinijibu vizuri, wakaniuliza baba ameamkaje. Ningefurahi kama wangenipiga mawe.

Uani kulikuwa na watu wengi na karibu hakuna sauti. Ngozi ya ng'ombe ilikuwa imewambwa chini kukauka, nyeupe yenye madoa meusi. Nilimjua ng'ombe yule. Ni mtamba ambaye Kasimiri alinionyesha likizo, akasema, huyu haguswi, ni mahari ya Modesti. Walikuwa wamemchinja kulisha waombolezaji.

Mama Fransiska aliketi mkekani karibu na mlango. Alikuwa amenyolewa. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Kando yake palikuwa na kibuyu, kimejaa maji, hakuna anayekigusa.

"Mwalimu," alimwambia Mwalimu Mkuu baada ya salamu, "huko shuleni hamkuona mjumbe akipita? Alikimbilia upande wenu."

"Hatukumwona, mama."

"Hakunywa maji. Alisimama, nikampa, hakunywa. Hakusema Modesti amelala wapi. Amefukiwa, hakufukiwa, sijui. Nimemwekea maji yake hapa. Akirudi akinywa atasema."

Bibi mmoja akasema kwa upole, "Labda hakuwa mtu, Fransiska."

"Alikuwa mtu," akajibu. "Alikuwa anahema."

Mwalimu Mkuu akanisukuma kidogo mgongoni. Nikasimama katikati ya ua. Ninyi mnaonisoma mnajua kwamba kusimama mbele za watu ndiyo kipaji changu. Nimewahi kuhutubia bwalo kuhusu haki za kunguni. Nikafungua kifua.

"Ndugu wafiwa, wazee wangu, mama zangu. Kwa heshima, taadhima na…"

"Vua kofia," Mwalimu Mkuu akaninong'oneza. "Uko matangani."

"Mwalimu, baridi."

"Vua kofia, wee!"

Hili sikulifanya kwa ujasiri. Msinisifu. Nilisubiri kama kuna namna nyingine, na namna nyingine haikuja. Nikavua.

Mzee mmoja aliyeketi mbele alinitazama paji, kisha polepole, kwa mazoea, akaanza kugeuza uso wake. Akasita katikati, kwa sababu alikwishaniona.

Kasimiri alikuwa na wanaume, karibu na moto, na sweta langu mwilini. Akainuka.

"Lute," akasema. "Paji lako."

Nilikuwa na uongo mwingi kichwani. Wote ulikuwa mzuri. Kuanguka, kupigwa na kamba ya kuanikia nguo, ugonjwa wa ngozi wa kwetu Tukuyu. Nikauangalia mmoja mmoja, na kila mmoja ulikuwa umenyolewa kichwa.

"Mjumbe ni mimi," nikasema. "Wala sikutumwa."

Hawakupiga kelele. Nilitamani wangepiga.

"Nilivaa ile kamba ili nisisimamishwe. Nilikuwa nawahi kengele. Nilikuwa nafanya mazoezi. Wale wajumbe wote wa Milepa ni mimi. Milepa hakuna aliyekufa. Siku ile raba ilinivuka, mama, nikasimama kuifunga. Ni raba tu."

"Raba," akasema Mama Fransiska.

"Sikujua kama umeanguka," nikaongeza upesi. "Nilidhani umerudi ndani."

Kasimiri akaja mpaka mbele yangu.

"Uligeuka nyuma?"

Nikatazama chini.

"Nakuuliza, Lute. Ulipokuwa unakimbia, uligeuka nyuma?"

"Niligeuka."

"Ukamwona?"

"Nilimwona."

"Yuko chini?"

"Yuko chini. Kengele ilikuwa inalia."

Kasimiri hakunipiga. Alivua sweta langu, akalikunja vizuri, mkono juu ya mkono, kama tulivyofundishwa bwenini. Akaliweka chini miguuni pangu. Akarudi kwenye moto akakaa na shati lake.

Baba mdogo wake alikuwa ameinuka na fimbo. Mama Fransiska akamzuia kwa kiganja.

"Basi mwanangu yu hai?" akaniuliza.

Ua mzima ukanitazama. Wanawake waliacha kusonga ugali. Mimi mwenye jibu la kila mtu, mimi niliyemjibu mpaka mkaguzi wa elimu, nikatafuta jibu nikakuta pakavu.

"Sijui, mama."

Akapitisha mkono juu ya kichwa chake kilichonyolewa, kama mtu anayetafuta kilemba alichokisahau mahali.

"Kabla yako nilikuwa sijui," akasema. "Nikaogopa kila siku. Ukaja, nikajua. Nikalia, nikanyolewa, nikaanza kuzoea. Sasa umenirudisha kwenye sijui."

Akachukua kibuyu, akaninyooshea. Safari hii hakuna tone lililomwagika.

"Kunywa. Mjumbe hunywa."

Nilipiga magoti, nikanywa. Maji yalikuwa yamekaa siku tatu, yana ladha ya kibuyu na vumbi. Niliyanywa yote.

"Kesho utakimbia?" akauliza.

"Sitakimbia tena maisha yangu yote, mama. Naapa."

"Usiape, hujui kuapa. Utakimbia. Kila alfajiri, bila kamba. Utafika hapa mlangoni, utasimama, utachuchumaa, utanisalimu kama watu. Kisha utaniambia hujatumwa. Mpaka Modesti arudi, au waje waliotumwa kweli. Uwe mgonjwa, uwe mzima, mvua inyeshe. Maana siku usipokuja, nitajua kuna jambo unaogopa kuniambia."

Lile tangazo langu la bwaloni, karibu neno kwa neno, lilikuwa limenirudia. Na sasa taifa lilikuwa limekubali.

Mwalimu Mkuu akakohoa.

"Mama Modesti, shule inaona aibu kubwa. Lakini kijana huyu kesho hatakuwa shuleni. Nimemfukuza hapa hapa niliposimama. Atarudi kwao Majengo."

Mama Fransiska hakumgeukia.

"Basi, mwalimu, utakimbia wewe."

Mwalimu Mkuu akalitazama tumbo lake. Wiki iliyopita ningetoa shilingi ya mwisho kuiona picha hiyo. Hakuna aliyecheka, na mimi sikucheka.

Nilikuwa bado nimepiga magoti, kibuyu kitupu mikononi. Na hapo likanitoka ungamo ambalo hata Kasimiri hakuwa ameniuliza.

"Mama, nitakuja. Hata nikiwa Majengo nitakuja. Lakini mimi pia naogopa. Baba yangu yuko hospitali, nusu yake imekufa. Mimi pia kila nikimwona mtu anakuja mbio upande wangu, nasimama nyuma ya mlango. Nilikuwa najua, mama. Nilikuwa najua unavyosikia, na nikapita."

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alifungua mdomo kunijibu.

Barabarani, upande wa mjini, kwenye ofisi ya wilaya na hospitali ya baba, tulisikia miguu ya mtu inakuja mbio. Haikusimama kusalimu mlango wa kwanza, wala wa pili. Na pale uani, mmoja baada ya mwingine, wazee wakaanza kugeuza nyuso zao ukutani.

Mimi na Mama Fransiska tukabaki tunatazama njia.